Kabla hujaleta gari ya umeme Mombasa, kagua soketi yako kwanza

Siku hizi kila mtu anauliza bei ya Nissan Leaf, zile gari za umeme za Japan zinazoshuka hapa bandarini, betri yake ngapi, inaenda kilomita ngapi, lakini ya kuchajia wapi hata haitajwi. Geuzeni. Anza na chaji, gari baadaye.

Hesabu ni rahisi. Yuniti moja ya tokeni unayonunua kwa simu ndiyo hiyo hiyo kilowati-saa moja ya betri, kwa hivyo Leaf ya 24, yaani ya betri ya kilowati-saa 24, ikiwa tupu inataka yuniti 24 na kidogo juu, maana zingine hupotea kama joto. Soketi ya kawaida ya nyumbani ukiivuta ampea 10 inakupa kilowati 2.4 hivi, gawanya mwenyewe, ni masaa kumi na zaidi. Kwa mtu anayetoka Tudor kwenda kazi Changamwe na kurudi hiyo yatosha kabisa, hamalizi betri kwa siku, anachomeka usiku asubuhi imejaa.

Njia ya pili ni chaja ya kufungwa ukutani, ampea 32, inatoa kilowati 7 hivi. Kabla hujailipia uliza gari yenyewe inameza ngapi. Stima ya nyumbani ni AC, ile ya kwenda na kurudi, na betri inaweka DC, ile ya upande mmoja, na kigeuzi cha kubadilisha AC iwe DC kiko ndani ya gari, sasa Leaf nyingi za zamani za Japan kigeuzi chake ni cha kilowati 3 tu, uifungie ya 7 ama ya 22 itakunywa 3 ile ile.

Ya tatu ni chaja ya haraka. Hii inapeleka DC moja kwa moja kwa betri bila kupitia kile kigeuzi, ndiyo maana inafika kilowati 50 na kupanda. Angalia kichwa cha waya! Leaf inataka CHAdeMO, gari za Ulaya ni CCS2, za China nyingi ni GB/T, na haviingiliani hata usukume vipi. Ikifika asilimia 80 kasi inashuka, chomoa uende, kuna watu wanangoja.

Waya iliyokuja na gari kutoka Japan soma kibandiko chake. Kule soketi za kawaida ni volti 100, huku kwetu 240, na plagi yao si yetu. Usimpe fundi wa kona aikate aweke plagi ya hapa bila kujua imeandikwa volti ngapi.

Sasa hili la soketi nisikilizeni vizuri maana limenifika mimi. Nilikuwa nachaji kwa eksteshoni, ile ya kuzungushwa kwa gurudumu, napitisha dirishani hadi nje gari ilipo. Gari iko karibu na dirisha, kwa hivyo waya nyingi ilibaki imejikunja pale pale kwa gurudumu chini ya pazia. Wiki tatu hakuna shida. Ikafika Ramadhani, nikaamka daku saa kumi usiku nikasikia harufu kama mtu anachoma ndara. Nikadhani ni kwa jirani. Kufika sebuleni, plagi imeyeyuka imeshikana na soketi, ukuta umekuwa mweusi, gurudumu la waya huwezi kuligusa kwa mkono, na pazia liko shubiri moja kutoka pale. Mamangu amelala chumba cha pili yake. Nilizima men suichi mikono inatetemeka.

Kilichonichanganya ni kwamba fyuzi haikukatika. Fundi alipokuja asubuhi akanieleza, fyuzi inaangalia stima inayopita ni nyingi kiasi gani, na ampea 10 kwake ni halali, haijui kama kiungo kimelegea. Alipofungua ile soketi shaba ndani imeota kijani, hii hewa yetu ya chumvi, na vile vibati vinavyobana plagi vimelegea kwa miaka. Stima ikipita mahali palipolegea panazaa joto. Pasi hujui kwa sababu inawaka inazima, inapumzika, na dakika ishirini umemaliza. Gari haipumziki, inavuta vile vile masaa kumi. Na waya iliyojikunja haina pa kutolea joto, tena nyingi zimeandikwa kabisa kwa ubavu, ampea 13 ukiitandua yote, ikiwa imekunjwa ni chini ya nusu. Ile maandishi ilikuwa pale siku zote.

Kwa hivyo eksteshoni hapana. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi ya Kenya, akuvutie laini yake peke yake kutoka kwa men suichi, waya nene kama ya kuka, lile jiko la umeme, soketi mpya, na breka yake. Halafu usiku wa kwanza usilale, baada ya saa moja shika plagi kwa mkono, ikiwa vuguvugu kidogo sawa, ikiunguza chomoa.

Ethi nayo, ule waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini. Nyumba kuukuu nyingi hazina, na chaja nyingi zikikosa ethi zinawasha taa nyekundu zinakataa. Usimruhusu mtu aidanganye, inakukingia roho.

Ukiwa umepanga, ongea na mwenye nyumba mapema, hasa kama mita mnashirikiana, yuniti ishirini usiku mmoja majirani wataziona. Stima ikipotea chomoa, ikirudi ngoja itulie ndiyo uchomeke.

Na hizi Leaf za zamani betri yake haipozwi kwa maji, kwa hivyo joto la Februari na Machi usiipige chaja ya haraka mara mbili mbili, mpe ipoe kivulini. Usiache waya kwenye dimbwi mvua za Mei, usiipitishe mlangoni watoto wanapocheza. Voi ni kama kilomita 150 na ni kupanda, Leaf kuukuu ya 24 usiitegemee kukufikisha kwa chaji moja. Hata Malindi, piga simu kule unakotaka kuchajia kabla hujatoka, uliza chaja inafanya kazi leo, na kichwa chake ni kipi.