Somo: Kutotolesha Trauti na Kuwapanda Ziwani, Tangu Enzi za Waasisi

Kabla hujaanza kuulizia bei ya vifaranga vya trauti, samaki wa maji baridi, jua kwanza kazi hii ilivyoanza. Karibu kila kanuni tunayofuata leo ilipatikana baada ya mayai mengi kuharibika.

Hatua ya 1: Kukamua
Mshike jike aliyepevuka kwa kitambaa kibichi, upitishe kidole gumba tumboni taratibu kuelekea mkiani. Mayai ya rangi ya chungwa yataporomokea kwenye beseni, na beseni hilo liwe kavu kabisa. Kamulia shahawa za dume juu yake, koroga kwa unyoya wa kuku, ndipo utie maji. Zamani walikamulia ndani ya maji, na mayai mengi yakabaki bila kurutubishwa. Mbegu za dume zikiguswa na maji huchangamka kwa muda usiofika hata dakika moja, basi. Mrusi Vladimir Vrassky ndiye aliyegundua njia kavu mwaka 1856, na kwangu mimi hakuna ugunduzi uliomfaa mfugaji wa trauti kuliko huo.

Hatua ya 2: Kuatamia
Maji yawe safi, baridi na yanayotiririka, na mayai yafunikwe yasipigwe na jua. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, mayai ya trauti wa upinde wa mvua, mojawapo ya aina za trauti, hutotolewa kwa siku 31 hivi. Kwenye nyuzi 5 hupita miezi miwili. Ondoa kila yai lililogeuka jeupe, la sivyo ukungu utayala yote. Usiyatikise hata kidogo mpaka uone macho mawili meusi ndani ya yai.

Hatua ya 3: Kusafirisha
Yai lenye macho huvumilia safari kuliko samaki mzima. Mwaka 1864 James Youl, mlowezi wa Tasmania, alipakia mayai kwenye masanduku ya kuvumwani mbichi (mimea midogo laini inayoshika maji) na barafu, yakavuka bahari kwa meli ya Norfolk kutoka Uingereza hadi Australia, kisha kisiwa cha Tasmania. Safari ilichukua karibu miezi mitatu, na baadhi yakatotolewa. Baridi ndiyo iliyoyachelewesha yasitotolewe njiani. Kwetu Kenya, mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, akawapanda, yaani akawaachia, katika Mto Gura, milima ya Aberdare.

Hatua ya 4: Kulisha na kupanda
Vifaranga huanza na kifuko cha kiini tumboni, kinachowalisha. Kikiisha, wape chakula laini. Waasisi walisaga ini. Siku ya kuwapanda, changanya maji ya ziwa kwenye chombo chao kidogo kidogo mpaka joto lilingane.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kuwafuga Ruai, viungani mwa Nairobi?
Hapana, ndugu yangu. Maji yakipita nyuzi 20 wanaanza kuhangaika, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Ruai fuga tilapia au kambare. Trauti wanataka mito ya Nyeri na Kinangop.

Nikipanda mara moja, si watazaana wenyewe?
Ziwani tu, mara nyingi hapana. Jike huchimba kiota kwenye changarawe inayopitiwa na maji ya mto. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo utalipanda upya kila mara.

Kuna madhara gani kwa samaki wa asili?
Makubwa. Trauti walipelekwa Ziwa Titicaca, Amerika Kusini, karibu mwaka 1940, na wanahesabiwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwa samaki Orestias cuvieri, ambaye hakuwa akipatikana kwingine. Usimwage kifaranga hata mmoja kwenye maji ya umma bila kibali cha idara ya uvuvi.