Hosi mpya ya oili ya turbo kwenye Forester: tatizo huanzia kwenye fitingi

Turbo za Forester zenye injini ya EJ20 hufa mapema kwa sababu ambayo mara nyingi haimo ndani ya turbo yenyewe. Paipu ya chuma inayoilisha oili huanzia nyuma ya silinda hedi ya kulia, upande wa dereva, na mara nyingi bolti yake ya tundu ina kichujio cha wavu ndani. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, tope huganda kwenye wavu huo. Shafti ya turbo, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hubaki na oili ya kudondoka tu, wakati inahitaji kuelea juu ya utando wake. Ongeza foleni ya Ubungo saa nane mchana, huku oili ikiungua palepale ilipo, na haitachukua muda kabla ya turbo kupiga mluzi na kutoa moshi wa bluu.

Wengi hutoa wavu, wakarudisha bolti na kuishia hapo. Si kosa, ila kama paipu yenyewe ina masizi ndani hujatibu kitu. Njia bora ni hosi mpya inayochukua oili kwenye bloku, juu karibu na altaneta, ilipo swichi ya presha ya oili. Oili ya pale imeshapita kwenye filta.

Hosi iwe ya tefloni ndani na wavu wa chuma kisichoshika kutu nje, saizi namba 4. Mafundi wa hosi za mashine eneo la Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kukukatia na kukubania ncha, lakini uliza mapema ndani kuna nini. Nje zote zinang'aa sawa. Ya mpira ikikaa karibu na ekzosti hukauka, ikapasuka na kumwaga oili juu ya chuma cha moto. Turbo ya bushi haihitaji kizibo cha kupunguza oili. Ya beringi za gololi inakihitaji, na tundu lake kwa kawaida ni kama milimita 1.

Sasa fitingi ya bloku, na hapa usikurupuke. Tundu la swichi lina thredi za BSPT (kipimo cha Kiingereza) za inchi 1/8, zenye meno 28 kwa inchi. Dukani utapewa kwa urahisi NPT (kipimo cha Kimarekani) ya 1/8, ambayo ina meno 27. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba inaingia mizunguko miwili mitatu bila shida, halafu inabana. Fundi akiona imebana anaongeza nguvu, na bloku ni aluminiamu. Baada ya hapo ama inavuja maisha yote ama bloku inapata ufa. Chukua swichi yako ya zamani mkononi uende nayo dukani, ulinganishe thredi jino kwa jino. Usining'inize pia fitingi ya T ndefu ya shaba huku swichi ikiwa kwenye ncha yake: mtikisiko wa injini huikata shingoni, na oili yote huondoka kwa presha.

Fanya kazi injini ikiwa baridi. Toa tamino la betri, toa intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyo juu ya injini, kisha kava la joto la turbo. Bolti za kava hilo huwa na kutu, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, kwa hiyo zipulizie dawa ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Fungua paipu ya zamani pande zote mbili, uzibe ilipokuwa ikitoka kwenye hedi. Kwenye injini zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha majira ya valvu), bomba la hedi ya kulia hulisha AVCS pia. Unaziba tawi la turbo peke yake. Ukiziba yote, taa ya injini itawaka.

Fitingi ya bloku ipakwe gundi ya thredi inayohimili oili, ukiacha thredi mbili za mwanzo tupu. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji isitumike: kipande chake kikikatika kinaenda moja kwa moja kwenye turbo. Ncha za hosi zenyewe hazitaki gundi wala tepu, zinaziba kwa mkunjo wa chuma kwa chuma. Upande wa turbo weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la bolti. Ile tabia ya kugeuza washa ya zamani upande wa pili iache. Gasketi meka nayo ikae mbali, kwani ikibanwa hutoa nyuzi ndani na kuziba njia.

Pitisha hosi mbali na ekzosti, uivishe soksi ya kuzuia joto, na uifunge kwa klipu zenye mpira. Wavu wa chuma ni kama msumeno. Ukigusana na waya au hosi ya rejeta, baada ya miezi michache unakuta umeshakata.

Kabla ya kufunga bolti ya juu, jaza oili kwenye turbo kwa sirinji ya famasi huku ukizungusha feni yake kwa kidole. Mililita 10 zinatosha. Rudisha kila kitu, chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, kisha piga starta sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo rudisha fyuzi, washa, liache gari lingurume dakika 5 bila kukanyaga mafuta. Mulika tochi kila ungio. Zima, subiri, pima dipstiki, uongeze oili iliyopungua.

Moshi wa bluu ukianza baada ya hosi mpya, usiilaumu turbo bado. Angalia hosi ya kurudisha oili chini ya turbo: ikiwa imekakamaa au imekunjika, oili inaingia kwa wingi na kukosa pa kutokea, kwa kuwa inashuka kwa uzito wake tu. Ni vyema hosi hiyo ya chini ibadilishwe siku ileile unapofunga hosi mpya ya juu, kwani intakula imeshatoka na mkono unafika.