Somo: Kuitembelea Dodoma ya Zabibu, Hadi Kondoa kwenye Michoro

Ndugu wanachama, mbukwenyi! (Ndiyo salamu ya Kigogo.)

Wengi waliofika Dodoma wameijua kwa semina. Mtu anashuka jioni, analala, anakaa ukumbini siku mbili, kisha anarudi kwao akisema mji wenyewe ni vumbi na ofisi. Inaniuma kuyasikia hayo. Huu ndio ukanda wa zabibu wa nchi yetu. Hapa ndipo Ugogo, nchi ya Wagogo, ambako misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipate ruhusa na maji. Na saa chache kaskazini kuna michoro ya miambani iliyomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ushauri wangu ni mmoja: panga safari kwa kufuata mzabibu, siyo kwa kufuata vikao. Mengine yatajipanga nyuma yake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na hapa inafaa ujue sababu. Kwenye nchi za baridi kali mzabibu hupukutisha majani na kupumzika wenyewe. Huku kwetu hakuna baridi ya kuupumzisha, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua kwa mkasi wake. Akipogoa, macho mapya yanachipua, maua yanakuja, na baada ya miezi kama minne kuna vichala vya kuvuna. Ndiyo maana unaweza kupita njia moja ukaona shamba limeiva, na la jirani limepogolewa juzi, matawi makavu matupu.

Msimu ninaoupendekeza ni wa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa. Mvua za Dodoma ni chache, huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo zabibu za kiangazi huiva kwenye jua na hewa kavu. Magonjwa ni machache na sukari inapanda. Zile za Februari na Machi huivia kwenye unyevu, na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, huwasumbua sana wakulima. Ukija miezi hiyo utaona kijani kizuri na mibuyu yenye majani, lakini shambani utakanyaga tope.

Aprili hadi Juni ni Bunge la Bajeti. Nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Kama huna mwenyeji, epuka.

Hatua ya 2: Fika

Kutoka Dar es Salaam, panda treni ya umeme. Safari za SGR hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na sasa unaondoka asubuhi na chakula cha mchana unakila Dodoma. Kata tiketi mapema, hasa Ijumaa na Jumapili, beba kitambulisho, na ufike stesheni kabla ya muda maana mizigo hukaguliwa. Mji huu ulikuzwa na reli: ile ya kwanza, ya Wajerumani, ilifika hapa mwaka 1910.

Wa basi watashushwa Stendi Kuu ya Nanenane, Nzuguni, nje kidogo ya katikati ya mji. Bajaji na daladala zipo. Kubaliana nauli kabla ya kukaa.

Hatua ya 3: Nenda shambani kabla ya kuonja chochote

Hapa naomba msikimbie. Wageni wengi huanza na chupa ya mvinyo dukani, kisha wakibakiwa na muda ndipo waulizie mashamba. Geuza. Ukishaona kazi iliyopo kwenye kichala kimoja, hata ulimi wako utakuwa na la kusema.

Zabibu hapa zinahusishwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, barabara ya Iringa. Kama una nusu siku tu, elekea upande huo, Bihawana na Mpunguzi. Ni karibu, na mashamba mengine utayaona ukiwa barabarani. Kama una siku nzima, nenda Hombolo, kaskazini mashariki ya mji. Kuna bwawa, kuna mashamba mengi ya wakulima wadogo, na ndiko kilipo kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Makutupora, barabara ya Arusha, kuna kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoshughulika na zabibu. Aina inayoitwa Makutupora Nyekundu, ambayo ndiyo roho ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, imebeba jina la mahali hapo.

Usiingie shamba la mtu hivi hivi. Pitia ofisi ya mtaa au ya kijiji, au ulizia AMCOS, yaani chama cha ushirika, ya wakulima wa zabibu, utapewa mtu wa kukupeleka. Nenda asubuhi. Zabibu huvunwa kabla jua halijakomaa, kwa mkasi, kichala kimoja kimoja, zikipangwa kwenye kreti ili zisipondeke.

Ukiwa pale, tazama nguzo na waya zinazobeba matawi, ndipo utaelewa kwa nini kuanzisha ekari moja ya zabibu ni gharama. Tazama mashina chini: mchwa ni adui mkubwa wa huku, na mkulima makini huzungukia shina moja moja. Muulize mwenye shamba amepogoa lini na anategemea kuvuna lini. Na usichume ukala bila kuuliza! Shamba likiwa limepulizwa dawa karibuni kuna siku za kusubiri, na mkulima ndiye anayezijua.

Kisha muulize habari za soko. Hapo mazungumzo huwa marefu, na ni haki yawe marefu. Zabibu iliyoiva haina subira. Viwanda vikijaza matangi yake, mkulima anabaki na mzigo unaoharibika mkononi. Ndiyo maana vikundi vingi hukamua vyenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wauze baadaye badala ya kulazimika kuuza tunda leo kwa bei yoyote. Ukinunua kilo zako tano palepale shambani, umefanya jambo la maana kuliko picha zote ulizopiga.

Hatua ya 4: Onja

Viwanda vikubwa vya mvinyo havipokei mgeni wa ghafla. Piga simu au peleka barua siku kadhaa kabla, taja idadi yenu. Wasindikaji wadogo ni rahisi zaidi, na hawachoki kueleza.

Anza na mweupe, malizia na mwekundu. Uliza chupa ni ya mavuno gani, imetokana na zabibu ya aina gani, na kama ni mkavu au mtamu. Kula kitu kwanza. Nyama ya mbuzi ya kuchoma inaendana vizuri na mwekundu mkavu. Mwenye gari asionje, au amwachie mwenzake usukani.

Hatua ya 5: Mji wenyewe

Nusu siku inatosha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikatangazwa tarehe 26 Aprili 2018. Miaka hiyo mitatu utaisoma kwenye majengo: mitaa ya zamani karibu na stesheni ya reli ya kati na Uhindini, kisha Nyerere Square na jengo la Bunge, kisha Mji wa Serikali kule Mtumba. Msikiti wa Gaddafi ni mzuri kuutazama hata kwa asiye Mwislamu, ila vaa kwa heshima na uombe ruhusa. Kwenye majengo ya Bunge na Ikulu ya Chamwino usiinue simu kupiga picha bila kuruhusiwa.

Mchana tafuta mama ntilie mwenye ugali wa uwele au mtama na mlenda. Mgogo asiye na mlenda nyumbani simjui. Jioni, kama kuna kikundi cha ngoma kinapiga, usikose. Huku ndiko alikotoka marehemu Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa zeze na ilimba, ala za Kigogo, hadi majukwaa ya ng'ambo. Wanawake wa Kigogo wakishika ngoma zao za muheme, utasahau uchovu wa safari.

Hatua ya 6: Kondoa

Tenga siku nzima, na ikiwezekana ulale. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ni nzuri. Unapita Kondoa mjini, unaendelea kaskazini hadi Kolo, kijiji kilichopo barabarani kabisa, ndipo ilipo ofisi ya Mambo ya Kale. Unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Bila mwongozaji huendi, na hata ungeruhusiwa usingeona kitu, maana michoro imejificha chini ya miamba iliyoinama, juu ya mteremko wa Bonde la Ufa.

Eneo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika miaka ya 1950 akainakili mingi kwa mkono. Utaona twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Mingine ni ya rangi nyeupe, minene, na inahesabiwa kuwa ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji, na wengi huitaja pamoja na Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi wilaya jirani ya Chemba.

Kama nguvu zako ni za sehemu moja tu, chagua Mungomi wa Kolo. Gari la juu linahitajika, kisha unapanda kwa miguu. Mahali hapo pana heshima: Warangi wamepatumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Ukikuta dalili za tambiko, usiguse. Na michoro usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Maji huiondoa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia ya Kiislamu na watoto watatu. Je, safari hii inatufaa au ni ya wanywaji?*

Marahaba. Inawafaa sana. Rukeni hatua ya nne, zilizobaki ni zenu zote. Watoto watafurahi kuvuna, na zabibu za mezani na juisi yake vinapatikana. Kwenye juisi ya kienyeji ulizeni imekamuliwa lini. Iliyokaa siku kadhaa bila ubaridi huwa imeanza kuchacha. Msisahau ubuyu na asali sokoni.

*Kutoka Mwanza: Kaka, kila mvinyo wa Dodoma niliokunywa ni mtamu mno. Jua ndilo linaloleta utamu huo?*

Jua linaongeza sukari kwenye tunda, lakini sukari hiyo hamira huila na kuigeuza kileo. Hamira ikiachwa iile sukari yote, mvinyo unatoka mkavu. Utamu ni uamuzi wa mtengenezaji, kwa sababu wanywaji wengi nchini wameupenda mtamu. Ukifika dukani sema wazi unataka mkavu. Upo, na mwekundu wake una nguvu.

*Kutoka Morogoro: Sina gari. Naweza kufika Kolo kwa basi?*

Unaweza. Mabasi ya Babati na Arusha yanapita Kolo. Mwambie kondakta mapema akushushe. Kutoka ofisini kwenda kwenye miamba ya mbali utahitaji bodaboda au gari la kukodi, kwa hiyo jiungeni watu wanne au watano mgawane. Lala Kondoa mjini, asubuhi mapema uwe Kolo. Ukichelewa basi la kurudi, utapata shida.

*Kutoka Dar es Salaam: Dada yangu anafundisha historia sekondari. Kongwa inafaa kuongezwa?*

Kwa mwalimu wa historia, naam, iongeze. Iko mashariki, njia ya kurudi Dar kwa gari. Waingereza walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, na mwaka 1951 ukaachwa: udongo wa kiangazi uliwashinda, mvua ikawakataa. Miaka ya 1960 Kongwa hiyo hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine. Mwambie aende kwanza ofisi ya wilaya aombe mtu wa kumtembeza. Wazee wa pale wana mengi.

*Kutoka Bagamoyo: Nikinunua miche nikaipande nyumbani, itazaa?*

Inaweza kuota na hata kukupa vichala vya kula. Lakini pwani kuna unyevu mwingi, ubwiri hautakupa nafasi, na usitegemee mavuno ya biashara. Kama umeamua, usichukue kijiti chochote unachopewa njiani; nenda TARI Makutupora, waeleze unatoka wapi, wakushauri aina na wakupe miche safi. Beba miche yenye unyevu, imefungwa kwenye gunia bichi, usiiache juani kwenye gari. Ukifika, ipande mahali penye upepo na jua la kutwa.