Kutenga na Kupima Umeme wa Nyumba Kabla ya Kushika Waya

Fundi anayefika kwenye nyumba akaambiwa na mwenyeji kwamba umeme haupo kwa sababu LUKU (umeme wa kulipia kabla) imeisha tangu jana hajahakikishiwa usalama wowote. Ameambiwa tu kwamba taa haziwaki. Mtu akinunua umeme kwa simu na kuingiza zile tarakimu 20 kwenye kibao cha mita kilichoko sebuleni, waya zinarudi kuwa na moto wakati fundi yuko juu ya dari. Hali ni hiyo hiyo umeme unapokatika mtaa mzima, kwa kuwa hakuna ajuaye utarudi dakika ipi. Kutenga umeme ni kukata njia yake mahali unapopajua, kuizuia njia hiyo isirudishwe na mtu mwingine, kisha kuthibitisha kwa kipimo kwamba waya unaotaka kuushika hauna kitu.

Maelezo haya yanahusu nyumba ya kawaida ya Tanzania yenye fezi moja ya volti 230, na yanagusa pia majengo ya fezi tatu, ambamo kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Yanamhusu fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mwanafunzi anayefanya kazi chini ya uangalizi wake. Mwenye nyumba anaweza kuyasoma ili ajue fundi wake anapaswa kufanya nini, lakini asiyachukue kuwa ruhusa ya kufungua disibodi (bodi ya kugawia umeme wa nyumba) mwenyewe.

Kwanza tafuta vyanzo vyote vya umeme, wala usiridhike na mita peke yake. Uliza kuhusu jenereta, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba) na sola, kisha ukaangalie kwa macho, kwa sababu mpangaji anaweza kuwa na inveta chumbani ambayo mwenye nyumba haijui. Inveta nyingi huanza kutoa umeme zenyewe pale umeme wa TANESCO unapokatika, na hapo ndipo hatari ilipo: ukishusha swichi kuu, wewe ndiye unayeiamuru inveta ianze kazi. Paneli za sola nazo hazina mahali pa kuzimwa zenyewe. Maadamu jua linawaka, waya zinazotoka kwenye paneli hadi kwenye swichi yao zina umeme. Vilevile waya zinazoingia kwenye swichi kuu kutoka kwenye mita hubaki na moto hata swichi hiyo ikiwa chini. Kazi inayohitaji kugusa sehemu hiyo, au kufungua sili ya mita, ni ya TANESCO.

Baada ya hapo, kata umeme kwenye swichi kuu inayotenganisha waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja. Najua wengi hushusha breka ya sakiti moja tu (njia moja ya waya, kama ya taa au ya soketi) ili jokofu la mwenyeji lisizime, na wakati mwingine hakuna ubaya. Lakini breka ya kawaida hukata waya wa moto pekee, na katika nyumba zilizoongezewa vyumba kidogo kidogo ni jambo la kawaida kukuta nyutro moja ikitumikia sakiti mbili. Ukiifungua nyutro ya namna hiyo huku sakiti ya pili ikifanya kazi, ncha uliyoishika inaweza kupanda hadi volti 230 kupitia taa za chumba kingine.

Swichi ikishashuka, weka kifungio chake na kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako na usiwepo mwingine kwa mtu yeyote. Tundika kibao chenye jina lako, namba ya simu, tarehe na maneno yanayoeleweka: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Kwenye bodi za zamani za fyuzi, chomoa fyuzi uondoke nayo. Kipande cha utepe juu ya swichi si kufuli, kwa kuwa mtoto anaweza kukibandua.

Sasa inakuja hatua ambayo hurukwa kuliko zote. Testa ya bisibisi yenye kitaa ndani haifai kuthibitisha kwamba waya hauna umeme. Kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita kwenye mwili wako kwenda ardhini, kwa hiyo ukiwa juu ya ngazi ya mbao, umevaa viatu vya mpira, au ukiwa kwenye mwanga mkali wa mchana, kinaweza kuonekana kimezima ilhali waya una moto. Tumia kipimo cha volti chenye ncha mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ambacho chuma kilicho wazi kwenye ncha hakizidi milimita 4 ili kisiunganishe waya mbili kwa bahati mbaya. Multimita ina mitego yake: ikiwa imewekwa kwenye volti za betri, itakuonyesha sifuri au karibu yake mbele ya volti 230, na waya zake zikiwa kwenye tundu la ampea, utasababisha shoti mkononi mwako.

Kipimo hujaribiwa kwanza mahali unapojua pana umeme, au kwenye kifaa kidogo cha betri kinachotoa volti ya majaribio. Kisha pima pale utakapofanyia kazi: kati ya moto na nyutro, moto na erthi (waya wa ardhi), nyutro na erthi. Kwenye fezi tatu vipimo huwa 10, kwa sababu kila waya kati ya zile tano hupimwa dhidi ya kila mwingine. Ukimaliza, rudi ujaribu kipimo chako tena pale pa mwanzo. Bila jaribio hilo la pili huwezi kujua kama sifuri uliyoiona ilitoka kwenye waya au kwenye kipimo kilichokufa katikati ya kazi.

Usiamini rangi. Katika nyumba za zamani, waya mweusi ni nyutro. Katika rangi mpya za fezi tatu, mweusi ni fezi. Buluu nayo ilikuwa fezi katika mpangilio wa zamani na sasa ni nyutro. Jengo lililoongezewa waya mpya juu ya zile za zamani huwa na mipango yote miwili ndani ya boksi moja.

Kabla ya kurudisha umeme, hakikisha kwanza kwamba waya wa erthi haukukatika kuanzia disibodi hadi kwenye kila soketi. Kisha chomoa vyombo vyote, toa balbu, washa swichi za taa, na upime kihami (ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye waya) kwa mega, yaani kipimo cha ukinzani wa kihami, ya volti 500. Unganisha moto na nyutro pamoja, ukipima dhidi ya erthi. Ukinzani usipungue megaomu 1. Waya mzuri huonyesha zaidi ya hapo kwa mbali, hivyo nikiona megaomu 2 kwenye sakiti mpya, naanza kutafuta maji ndani ya boksi au msumari uliopita kwenye bomba.

Nyumba inayotegemea fimbo ya ardhi inahitaji RCD, swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Fimbo yenye omu 50 itapitisha ampea 4.6 tu hitilafu inapotokea, na breka ya ampea 32 haitashtuka. Kitufe cha majaribio kwenye RCD huthibitisha kwamba mtambo wake unaruka, lakini hakisemi lolote kuhusu fimbo, kwa hiyo pima kwa kifaa: RCD ya miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300.

Mwishowe funga vifuniko vyote, waarifu waliomo ndani, na kufuli ifunguliwe na yule yule aliyeifunga. Vipimo ulivyopata viandikwe pamoja na tarehe upande wa ndani wa mlango wa disibodi, ili fundi atakayefuata apate pa kulinganishia.