Kigoma mpaka Guangzhou: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na masaa ya ndege

Nakata tiketi hapa Kigoma na wateja wangu wengi ni wa kufata mzigo China, swali ni lile lile, "Guangzhou masaa mangapi?" Sa leo pigeni wenyewe.

Hatua ya 1: kodi za viwanja vya ndege, yaani zile herufi tatu za kila kiwanja. Kigoma ni TKQ, Dar DAR, Guangzhou CAN. Tabora nyie TBO. Ziingize kwenye tovuti yoyote ya kupima umbali wa ndege.

Hatua ya 2: pima kila kipande peke yake. TKQ-DAR inakuja kama km 1,080, DAR-CAN kama 8,710, jumla 9,790. Ukipima TKQ-CAN moja kwa moja itakwambia 9,580 hivi, hiyo achana nayo, ndege ya hivo haipo, lazima upitie mahali. Ikikuletea maili cheki ni maili gani, ya anga ni km 1.852, ya barabarani 1.609.

Hatua ya 3: gawa kwa spidi. Jeti kubwa mi naweka 850 kwa saa halafu naongeza nusu saa ya kuruka na kutua. 8,710 gawa 850 inatoka 10.25, na hapa ndo watu wanapotea, hiyo sio masaa 10 na dakika 25, ni masaa 10 na robo! Ongeza nusu saa unapata 10 na dakika 45. Kigoma-Dar kama ni pangaboi, yaani ndege ya mapanga, weka 600, utaona masaa mawili na ushee.

Hatua ya 4: majira, na hapa tulieni. Tiketi inaandika saa ya kiwanja husika, sio ya kwenu, na inaandika kizungu. China wako mbele yetu masaa 5. Tuseme unatoka Dar 23:00, yaani saa 5 usiku, unafika 14:45 kesho yake. Ukitoa kawaida unapata masaa 15 na dakika 45 unaanza kulalamika ndege inatembea polepole, kumbe toa yale 5 inabaki 10:45 yetu ile ile. Kurudi ni kinyume, unaongeza 5: ukitoka 17:00 ukafika Dar 23:30 sio masaa sita na nusu, ni 11 na nusu, na urefu huo mara nyingi ni upepo wa mbele. Kigoma na Dar saa ni moja ingawa jua letu linazama nyuma yao kama dakika 40, ila Burundi na Kongo ng'ambo hapo wako nyuma saa moja, simu ikidaka mtandao wao inaweza kujibadili, siku ya safari uizime hiyo ya kujiseti yenyewe.

Tiketi ikisema 01:30 Jumamosi maana yake ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 7 na nusu, so Ijumaa jioni uwe eapoti tayari.

Hatua ya 5: jumlisha kusubiri Dar. Ndege ya nje uwepo masaa matatu kabla, na ya Kigoma kuchelewa ni kawaida tu, kwa hiyo mi mteja wangu namwambia atoke huku siku moja kabla.