Namna ya Kupika Kitindamlo Kipya kwa Ajili ya Kumshukuru Mmoja wa Familia

Chakula cha kila siku hupikwa kwa sababu watu wana njaa, na anayekipika, hata akiwa na mapenzi makubwa, anatimiza jambo ambalo lisingeweza kuachwa. Kitindamlo si hivyo. Hakuna atakayelala na njaa kwa kukikosa, na kwa sababu hiyohiyo kinapofika mezani kila mmoja hutambua kwamba yupo mtu aliyejiongezea kazi kwa hiari yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitumia hali hiyo vizuri: kupika kitindamlo ambacho familia haijawahi kukionja, na kukipika kwa ajili ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye amefanya jambo linalostahili shukrani.

Anza na mtu, ndipo utafute mapishi

Wengi huanza na picha iliyowavutia, wakanunua viambato, kisha wakatafuta sababu ya kupika. Ninashauri kinyume chake. Kaa kwanza uyafikirie yaliyotendeka nyumbani katika juma lililopita, hasa yale yaliyopita bila mtu kuyasema: aliyekatisha usingizi wake kumhudumia mgonjwa, kijana aliyemwachia mdogo wake meza ya kusomea bila kuombwa, mama aliyefua sare jioni ile umeme ulipokatika. Chagua tendo moja tu. Ukitaka kuwashukuru wote kwa yote kwa wakati mmoja, hakuna atakayeona kuwa ameonwa yeye.

Ukishamjua mtu, mapishi yanakuwa rahisi kuchaguliwa. Je, anapenda kitu laini au kinachotafunika, cha baridi au cha moto, kitamu sana au chenye uchachu kidogo? Mzee ambaye meno yanamsumbua atafurahia zaidi kastadi au matunda yaliyopikwa yakalainika kuliko keki kavu yenye njugu. Uliza mapema kuhusu vyakula vinavyomdhuru, kwa kuwa maziwa, mayai, ngano, karanga, soya na ufuta ni miongoni mwa vile vinavyosababisha mzio mara nyingi, na vitindamlo vingi vina viwili au vitatu kati ya hivyo kwa pamoja. Mwenye kisukari apikiwe kwa kufuata ushauri anaopewa na wahudumu wake wa afya, na mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe kitindamlo chenye asali, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu, ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana navyo.

Kupika kwa kuanza na mtu si jambo geni. Mwaka 1837, mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza unga wa kastadi usio na mayai kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Unga wa kastadi unaouzwa madukani hadi leo, unaogandishwa kwa wanga badala ya yai, una chanzo chake katika haja ya mtu mmoja wa nyumba moja. Ninaupenda sana mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba kumfahamu unayempikia kunaweza kuzaa ubunifu ambao picha nzuri peke yake isingeuzaa.

Soma maelekezo yote kabla ya kugusa bakuli

Soma mapishi mapya mara mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Katika usomaji wa kwanza tafuta muda uliojificha: siagi inayotakiwa kuwa imelainika, jeli inayotakiwa kukaa kwenye jokofu kwa saa kadhaa, unga uliokandwa unaohitaji kupumzishwa. Katika usomaji wa pili hakiki vipimo. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na cha chakula ni mililita 15, lakini kikombe hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo mizani ya jikoni ni ya kuaminika zaidi, hasa kwa unga, ambao ukishindiliwa kikombeni huongezeka uzito kwa kiasi kikubwa. Joto la oveni likiandikwa kwa Farenhaiti, kumbuka kwamba nyuzi 350 ni karibu sawa na nyuzi 180 za Selsiasi. Na kama oveni yako ina feni, punguza joto kwa nyuzi 20 hivi za Selsiasi.

Usikipike kitu kwa mara ya kwanza siku ileile ya tukio kubwa. Kipike siku ya kawaida, wakati ambapo kikiharibika kila mtu bado atakuwa ameshiba.

Kastadi ya mayai: pa kuanzia

Kwa anayeanza ninapendekeza kastadi ya mayai ya kuokwa, kwa sababu viambato vyake ni vichache, haihitaji kifaa cha pekee, na inafundisha jambo litakalomfaa mpishi katika vitindamlo vingine vingi, yaani jinsi joto linavyoligandisha yai. Andaa mililita 500 za maziwa yasiyoondolewa mafuta, mayai makubwa 3, gramu 75 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha vanila na chumvi kidogo sana. Kiasi hicho kinatosha vikombe vidogo 5 au 6 vinavyostahimili joto.

Washa oveni kwa nyuzi 160 za Selsiasi. Pasha maziwa hadi yaanze kutoa mvuke, lakini yasichemke. Katika bakuli, changanya mayai, sukari na chumvi kwa uma, taratibu, bila kuyapiga hadi yatoe povu, kwa kuwa povu huacha matundu juu ya kastadi. Mimina maziwa ya moto kidogokidogo huku ukikoroga, tia vanila, kisha chuja mchanganyiko wote kwa chujio lenye matundu madogo ili kuondoa vipande vya ute ambavyo havikuchanganyika. Gawa katika vikombe, panga vikombe hivyo ndani ya trei yenye kingo ndefu, kisha mimina maji ya moto kwenye trei hadi yafike nusu ya kimo cha vikombe. Oka kwa dakika 35 hadi 45. Kastadi huwa tayari pale kingo zinapokuwa zimeganda, lakini katikati bado panatikisika kidogo ukigusa kikombe. Pataendelea kuganda baada ya kutolewa.

Asiye na oveni asikate tamaa. Weka vikombe ndani ya sufuria juu ya kitambaa safi, tia maji ya moto hadi nusu ya kimo chake, funika kila kikombe kwa karatasi ya alumini ili matone ya mvuke yasidondokee ndani, kisha funika sufuria na uache moto mdogo kabisa, maji yakitokota kwa upole. Anza kukagua baada ya dakika 15.

Maji yanayozunguka vikombe yana kazi muhimu, na anayeielewa kazi hiyo hatashawishika kuyaacha. Ute wa yai peke yake huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, na kiini huganda kwenye joto lililo juu kidogo ya hapo. Lakini yai likichanganywa na maziwa na sukari, kuganda huchelewa hadi karibu nyuzi 80. Joto likizidi hapo kwa nyuzi chache tu, protini za yai hujikaza mno, zikakamua maji yaliyokuwa yameshikwa kati yake, na kastadi ikawa na punjepunje na majimaji. Oveni ina joto la nyuzi 160, ilhali maji ya kawaida hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo maji hayo huilinda kastadi na ukali wa oveni na kukupa muda wa kuitoa kabla haijakatika. Haraka ya mpishi haina nafasi hapa, na kuongeza moto ili umalize mapema ndiyo njia ya uhakika ya kuiharibu.

Iache ipoe kwa saa moja, kisha iweke kwenye jokofu kwa saa 3 au zaidi. Usishangae ikiwa utamu wake utapungua baada ya kupoa, kwani ulimi huhisi sukari kidogo zaidi katika chakula baridi. Unapoonja mchanganyiko ukiwa bado jikoni, zingatia hali hiyo.

Baada ya kuipika kama ilivyoandikwa na ikatoka vizuri, ibadilishe kwa jambo moja tu kila mara. Loweka kijiti cha mdalasini, ganda la limau au punje za kahawa katika maziwa ya moto kwa dakika 20, kisha chuja na uendelee kama kawaida. Ukibadilisha ladha, kiasi cha sukari na muda wa kuoka siku moja, hutajua ni lipi kati ya hayo lililoleta matokeo uliyoyapata. Kwa maoni yangu, familia inayopika kitindamlo kimoja mara nyingi hadi kiwe chake hufaidika kuliko ile inayorukia mapishi mapya kila juma.

Watoto washirikishwe tangu mwanzo. Wadogo wanaweza kupima sukari, kuvunja mayai katika bakuli la pembeni na kupanga vikombe. Maji ya moto na oveni vibaki mikononi mwa watu wazima. Wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa mayai mabichi, na mchanganyiko usirambwe kabla haujaiva, kwa sababu yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela.

Maneno ya mezani

Hapa ndipo kazi yote inapopata maana yake, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Kitindamlo kikiwekwa mezani kimyakimya kitaliwa, kitasifiwa, na aliyekusudiwa kushukuriwa hatajua kwamba kilikuwa chake. Kabla ya kijiko cha kwanza, sema ni cha nani na kwa nini.

Shukrani yenye uzito hutaja mambo matatu: tendo lenyewe, kile ambacho tendo hilo lilimgharimu mtendaji, na kile lilichokuletea wewe. Linganisha “Asante baba kwa kila kitu” na “Baba, Jumanne ulirudi umechoka, lakini ulikaa nami hadi usiku kwenye hesabu za sehemu. Niliingia kwenye mtihani nikiwa na utulivu. Kastadi hii ni yako.” Sentensi ya kwanza ni njema, ila inaweza kuambiwa baba yeyote. Ya pili haiwezi kuambiwa mtu mwingine duniani. Mtoto mwenye haya anaweza kuiandika kwenye kikaratasi na kukiweka kando ya kikombe, na hilo linatosha kabisa.

Anayeshukuriwa huenda akajibu, “Aa, si kitu.” Mwache ajibu hivyo, lakini usiyarudishe nyuma maneno yako. Na ikiwa unayemshukuru ndiye mpishi wa kila siku wa nyumba, hakikisha kwamba siku hiyo haoshi sufuria, haulizwi vanila iko wapi, wala haitwi jikoni kuokoa jahazi. Shukrani inayomwongezea kazi anayeshukuriwa imepoteza njia. Kadhalika, waliochuja, waliopima na watakaoosha vyombo watajwe kwa majina. Bila wao kikombe kisingefika mezani.

Maoni kuhusu ladha yasubiri hadi watu wamalize kula. Wakati huo uliza swali linaloweza kujibiwa kwa ukweli bila kumuumiza mtu: “Tukiipika tena, tuongeze nini au tupunguze nini?” Usiulize kama ni tamu, kwa sababu mbele ya mpishi watu wa nyumbani karibu wote watasema ni tamu.

Ikiharibika, na ikibaki

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kastadi yenye punjepunje ilipita kiasi cha joto. Ipoze, isage hadi ilainike, uimwagie juu ya matunda yaliyokatwakatwa. Iliyobaki majimaji katikati haijaiva, nayo irudishwe kwenye maji ya moto kwa dakika chache. Jeli ya gelatini iliyokataa kuganda huenda ilitiwa nanasi au papai lisilopikwa, matunda ambayo yana vimeng'enya vinavyovunja protini za gelatini. Matunda hayo yakichemshwa kwanza, tatizo huisha. Maneno ya shukrani yasemwe hata kama kitindamlo kimeharibika, kwa kuwa tendo linaloshukuriwa halikuharibika.

Kilichobaki kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Kifunikwe, kihifadhiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, na kiliwe ndani ya siku 3.

Mwisho, weka daftari jikoni. Andika tarehe, vipimo ulivyotumia, badiliko moja ulilolifanya na maoni yaliyotolewa, kisha andika jina la aliyepikiwa na tendo alilolifanya. Kabla ya kupanga kitindamlo kinachofuata, pitia kurasa zake uone ni nani katika nyumba ambaye jina lake bado halijaandikwa.