Dar hadi Mwanza kwa ndege: soma saa, kisha piga hesabu mwenyewe

Mama mkubwa aliwahi kukosa ndege ya Mwanza ilhali tiketi anayo mkononi. Iliandikwa 05:10, naye akanisomea kwa simu: saa tano na dakika kumi. Saa mbili asubuhi nilipomfuata nimpeleke uwanjani, nikamkuta kibarazani ameshajifunga kitenge cha safari, kapu la nazi liko miguuni. Ndege ilishatua Mwanza zamani. Nauli yote ikapotea, na uso wake siku ile sijausahau.

Kwa hiyo anza na saa. Tiketi hazihesabu Kiswahili. Namba ikiwa 01 hadi 06, ongeza sita: 05:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Ikiwa 07 hadi 18, toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19, toa 18. Ukishapata jibu, liandike kwa maneno juu ya tiketi, na utaje "alfajiri" au "usiku".

Sasa umbali. Mwanza iko karibu nyuzi 2.4 kusini na 32.9 mashariki; Dar ni 6.9 na 39.2. Tofauti ni nyuzi 4.5 na 6.3. Kwetu huku karibu na ikweta, kila uzi mmoja ni kama kilomita 111, kwa hiyo unapata 500 kwenda kaskazini na 700 kwenda magharibi. Tumia kanuni ya Pythagoras ya sekondari: 250,000 jumlisha 490,000, kipeuo chake cha pili ni 860. Basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hukanyaga zaidi ya kilomita 1,100. Kwa safari za Ulaya hesabu hii itakudanganya, maana mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Huko pima kwenye ramani ya simu.

Ndege ya jeti hukata kama kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo 860 ni saa moja na dakika chache. Ongeza nusu saa ya kujongea uwanjani, kupanda na kushuka. Panga boi ni ya polepole zaidi, ipe karibu saa mbili.

Wanaokwenda Muscat wakumbuke kwamba tiketi huandika saa za kila mji, na Oman wametutangulia saa moja. Ukiondoka Dar 04:00 ukafika 10:30, angani umekaa saa tano na nusu.

Mama mkubwa siku hizi hulala kwangu Kipawa usiku wa kuamkia safari. Kwa ndege ya 05:10 namwamsha saa nane na nusu usiku, na saa tisa tuko mlangoni uwanjani.